SOMO LA MIPANGO MIJI: RAMANI NA BARAZA

Upangaji wa mji ni kazi ya wataalamu, lakini mji hukaliwa na watu wenye desturi zao. Ng'ambo, sehemu ya mji wa Zanzibar iliyokuwa ikitengwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari, inatoa mfano ulio karibu.

Mwaka 1923 mtaalamu wa Kiingereza, H. V. Lanchester, alichapisha utafiti wake juu ya upangaji wa mji huu. Ukafuata mpango wa mwaka 1958, na baada ya Mapinduzi mpango wa mwaka 1968 uliotayarishwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, kisha ule wa mwaka 1982 wa wataalamu wa Kichina. Hakuna hata mmoja uliotekelezwa kikamilifu. Uhaba wa fedha ni sababu mojawapo, lakini si peke yake.

Ikumbukwe kwamba wakaazi wa Ng'ambo hawakuwa watu wa kungojea kupangiwa. Nyumba zilikuwa zao, ardhi ilikuwa ya wengine. Na mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi hiyo. Wakati huo Waafrika hawakuwa na mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, wala hawakumpata hadi mwaka 1946. Waliweza kukubaliana kwa sababu walikuwa wakijuana, mtaa kwa mtaa. Ujirani wa namna hiyo hauonekani katika ramani, nao hulelewa na vitu vidogo: baraza ya mlangoni, kichochoro, kivuli cha mti.

Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa katika miaka ya 1970, yaliwapa wengi makaazi bora. Hata hivyo, mitaa ilibomolewa ili kuyapisha, na aliyehamia ghorofani aliiacha baraza yake chini.

Katika miaka ya 2010 njia nyengine ilijaribiwa. Idara inayohusika na mipango miji, pamoja na washirika kutoka Uholanzi, iliendesha mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ambamo wakaazi waliulizwa ni sehemu zipi wanazozithamini, na majibu yao yakatiwa katika ramani.

Ni vyema watendaji wakafahamu kuwa tangazo lililobandikwa ukutani, kwa lugha ya kisheria, na mkutano wa saa nne asubuhi, huwaleta wale wale siku zote. Mchuuzi yuko sokoni. Mpangaji hudhani hahusiki. Barazani nako hukaa wanaume zaidi, ilhali mama anayejua maji ya mvua hutuama wapi hupatikana uani, jioni. Sheha anaweza kuwaonesha maafisa nyumba za kwenda.

Pingamizi ziandikwe kama zilivyotolewa. Ramani ikishasahihishwa, irejeshwe pale pale ilipojadiliwa kabla ya kutiwa saini, na wakaazi waelezwe ni ombi lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani.