Masika na Pepopunda: Samadi Isiguse Jeraha

Kutoka Msambweni hadi Lunga Lunga, masika yakianza kila mtu yuko shambani. Mahindi, kunde na pojo vinapandwa, samadi inabebwa kwa karai na kumwagwa mashimoni. Mbegu tumezijadili vya kutosha. Leo nazungumzia mikono na miguu yenu.

Bakteria wa pepopunda wamo kwenye udongo na matumboni mwa ng'ombe na mbuzi, kwa hivyo hata samadi nzuri huweza kuwabeba. Bakteria hawa hawapendi hewa. Penye oksijeni hujifungia ndani ya ganda gumu, wakasubiri hata miaka. Wakipata mahali pasipo hewa huzinduka na kutoa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu: taya hukaza, shingo hukakamaa, mgongo hupinda.

Ndiyo maana aliyechomwa na mwiba hunitia wasiwasi kuliko aliyekatwa na panga akavuja damu. Tundu la mwiba hujifunga juu, chini hakuna hewa. Kesho yake halionekani, na ugonjwa kwa kawaida huja kati ya siku 3 na 21, mwenyewe ameshasahau. Vidonda vya funza vinavyochokolewa kwa pini navyo ni mlango. Na anayeziba jeraha kwa majivu, udongo au samadi anawafungulia bakteria nyumba. Osha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, toa uchafu wote, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo. Kutu husingiziwa tu. Panga linalong'aa lenye tope ni hatari vilevile.

Akina mama hudungwa sindano ya pepopunda kliniki wakiwa waja wazito. Sisi wanaume nani atukumbushe? Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza 1980, hivyo mkwezi wa minazi aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajachanjwa kamwe. Aliyekamilisha chanjo huongezewa kila miaka 10. Jeraha likiwa chafu na miaka 5 imepita, asingoje. Aliyeugua akapona naye achanjwe, maana pepopunda haiachi kinga.

Wafugaji, mbuzi nao hupata pepopunda, kwa hivyo msiwahasi kwenye zizi lenye tope. Mbuzi akikakamaa miguu baada ya kuhasiwa, mwiteni daktari wa mifugo upesi.

Basi kabla ya palizi ya kwanza, piteni zahanati. Kama hukumbuki ulidungwa lini, waambie hivyo hivyo, uanzishiwe.