Uislamu Ulianzia Wapi, na Mwislamu Anaamini Nini?

Swali: Ustadhi, dini hii ilianza lini?

Jibu: Kihistoria tunaanzia Makka, mji wa wafanyabiashara wa Kikuraishi, mwaka 610. Mtume Muhammad (S.A.W.), akiwa na umri wa miaka 40, alikuwa akijitenga pangoni Hira. Humo malaika Jibrili alimjia na wahyi wa kwanza, akamwamrisha asome, naye hakujua kusoma. Alirudi nyumbani akitetemeka. Mkewe, Bi Khadija, akamfunika, akamliwaza, akawa wa kwanza kumwamini. Msilipite jambo hili haraka: Mwislamu wa kwanza baada ya Mtume alikuwa mwanamke, tena mfanyabiashara mwenye mali yake. Lakini kwa imani yetu, Ibrahimu, Musa na Isa walileta ujumbe huohuo. Muhammad ni wa mwisho wao.

Swali: Mbona Makuraishi walimpinga?

Jibu: Kaaba, nyumba takatifu ya Makka, ilijaa masanamu, na waliokuja kuyaabudu walileta biashara. Kusema Mungu ni mmoja kulitikisa itikadi na mapato kwa pamoja. Tena alifundisha kwamba mtumwa na bwana wake ni sawa mbele ya Mungu. Bilali, mtumwa mwenye asili ya Habasha, alilazwa juu ya mchanga wa moto, na bado akashikilia kwamba Mungu ni mmoja tu. Karibu mwaka 615 baadhi ya Waislamu walivuka bahari kukimbilia Habasha, na Najashi, mfalme Mkristo, akakataa kuwarudisha kwa watesi wao. Afrika iliwapokea Waislamu kabla ya Madina! Mtume mwenyewe alihamia Madina mwaka 622, na kalenda yetu inahesabiwa tangu Hijra hiyo. Alirudi Makka kwa ushindi mwaka 630, akafariki mwaka 632.

Swali: Nguzo za imani na nguzo za Uislamu ni kitu kimoja?

Jibu: Hapana. Za imani ni sita, nazo hukaa moyoni: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, Siku ya Mwisho na kadari. Za Uislamu ni tano, nazo hutendwa: shahada, sala tano, zaka, saumu ya Ramadhani, na hija kwa mwenye uwezo.

Swali: Zaka si ndiyo sadaka?

Jibu: Sadaka ni hiari. Zaka ni faradhi: mali ikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kutimiza mwaka, asilimia 2.5 ya fedha hutolewa. Ni haki ya maskini, si hisani ya tajiri, na inasikitisha kuona wengi wetu wakiichukulia kama hisani.

Swali: Je, Waislamu wanamwabudu Muhammad?

Jibu: Hasha. Tunampenda, tunamsalia, tunamsomea maulidi, lakini hatumwabudu. Alipofariki, sahaba wake Abu Bakari aliwatuliza watu kwa kuwakumbusha kwamba Muhammad amekufa, na Mwenyezi Mungu yu hai, hafi. Mwenye shaka aisome sura ya Ikhlasi, inayotangaza kwamba Mungu ni mmoja. Ina aya nne tu.