SOMO: KIJANA AKIRUDI KUTOKA MAHAKAMANI



Tuanze na mfano. Kijana wa miaka 15 ameiba debe la viazi. Amekamatwa, amefikishwa mahakamani, na sasa amerudi kijijini. Akipita njiani, watu wananong'ona. Akiingia dukani, mwenye duka anahesabu vitu vyake. Je, kijana huyu atakwenda wapi?

Sisi walimu tunalijua jambo hili kwa sababu tuliwahi kukosea. Jioni moja kijana wa namna hiyo alikuja darasani kwetu, anataka kujifunza kusoma. Wanakisomo wakavuta vikapu vyao karibu. Sisi tukanyamaza. Kijana akakaa kidogo, akatoka. Baadaye tukasikia ameteremka Mombo, amepanda basi. Mpaka leo hatujui aliko. Hakuna aliyemwambia ondoka, lakini sote tulimfukuza.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kesi yake husikilizwa faraghani katika Mahakama ya Watoto. Afisa ustawi wa jamii huwapo, na mzazi au mlezi ana haki ya kuwapo.

Tena sheria inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Hakimu anaweza kumwachia kwa masharti. Anaweza pia kumkabidhi kwa mtu anayefaa, aliye tayari kumtunza. Wengine hupelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, huko Mbeya. Kutoka Lushoto mpaka Mbeya ni mbali sana, na mzazi maskini hawezi kwenda kumwona mwanawe mara kwa mara.

Basi, huyo mtu anayefaa ni nani? Hapa Lushoto tunacho Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Lakini si lazima uwe umesoma chuoni ndipo umsaidie kijana. Mwaka 1841, katika mji wa Boston, Marekani, fundi viatu aitwaye John Augustus alimdhamini mlevi mmoja mahakamani. Baada ya majuma matatu akamrudisha kwa hakimu, ameacha pombe. Baadaye akawadhamini watoto pia. Alikuwa fundi viatu tu, na hakulipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Mlezi wa kujitolea afanye nini?

1. Aonane kwanza na afisa ustawi wa jamii, afisa mtendaji wa kijiji na wazazi wa kijana. Yeye ni msaidizi wao, asichukue nafasi yao.

2. Amwone kijana kila juma, kwa siku waliyopatana. Akiahidi Jumapili, afike Jumapili. Kijana huyu ameshadanganywa mara nyingi.

3. Wakutane mahali pa wazi, watu wanapowaona.

4. Amsikilize kabla ya kumshauri.

5. Amfundishe kazi, kama kuotesha miche ya kabichi au kushona. Lakini asimfanye kibarua wa bure.

6. Atunze siri. Habari za kesi zisifike kilabuni wala kisimani.

7. Akiitwa tena mahakamani, aende naye.

Je, kijana akikosea tena? Sisi watu wa Usambara tunalima milimani. Mvua ikibomoa tuta, hatulihami shamba. Tunachukua jembe na kulijenga upya, kwa sababu tukiliacha, udongo wote utaishia bondeni. Na aliyeibiwa naye asisahauliwe. Kijana aende kumwomba radhi, na mlezi asimame kando yake. Kama kijana anaweza, arudishe mali kidogo kidogo.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Katika kijiji chako huenda yupo kijana anayesubiri mkono wa pili.

Maneno ya kujifunza

Faraghani: mahali pasipo watu wengine.
Kumdhamini mtu: kuahidi mbele ya hakimu kwamba atafika siku ya kesi.
Maadilisho: mafunzo ya kumrudisha mtu katika tabia njema.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini yule kijana hakurudi darasani? Ninyi mngefanya nini?
2. Kijijini kwenu, nani anafaa kuwa mlezi wa kujitolea? Kwa nini?
3. Tutamsaidiaje kijana bila kumsahau aliyeibiwa?