Kufundisha Mto: Msimbazi, Kutoka Pugu hadi Salenda

Mwalimu anapofundisha habari za mito, mara nyingi huanza na chati: chanzo, mkondo, matawi, mlango. Watoto hukariri na kufaulu mtihani, lakini wengi hawatambui kwamba mvua inyeshayo Pugu huweza kujaza maji nyumba za Jangwani. Kwa maoni yetu uhusiano huo ndio kiini cha somo, na kwa shule za Kwa Mathias mfano wake u karibu.

Vilima vya Pugu, mpakani mwa Kisarawe na Dar es Salaam, huzaa mito miwili. Mpiji huelekea kaskazini, upande wa Kibaha. Msimbazi, wenye urefu wa kilomita 35 hivi, hukatiza jiji kupitia Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ukaingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Salenda. Wanafunzi waifuatishe mito yote miwili kwa kidole ramanini kabla ya kuandika neno lolote.

Viumbe navyo vifundishwe kwa kufuata maji. Msituni Pugu wamo komba, kima, na sange mwenye pua ndefu. Katikati ya jiji, ambako taka za viwanda na za majumbani huingia mtoni, kambare hustahimili kwa kuwa huweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Salenda kuna miti ya mchu, ambayo mizizi yake huchomoza topeni kama vidole ili ipate hewa. Hapo pana kaa, na yangeyange wanaowinda.

Mnamo Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya wakazi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Mwalimu alitaje jambo hili kwa upole. Huenda darasani yumo mtoto aliyefiwa.

Kisha yaletwe masinia matatu yaliyoinamishwa: moja lenye udongo ulioota majani, la pili udongo mtupu ulioshindiliwa, la tatu udongo uliofunikwa kipande cha bati, mfano wa paa na lami. Kila moja limwagiwe kopo moja la maji, na yanayotiririka yakingwe bakulini. Wanafunzi wapime wenyewe, walinganishe wingi na rangi, ndipo waulizwe ni sinia lipi linalofanana na Pugu, na lipi na Kigogo. Zoezi lifanyike kabla ya masika, udongo ungali mkavu.