Mali bila Daftari: Kupima Gesijoto za Chuo na Dhima ya Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya mfanyabiashara asiyeandika anachonunua na anachouza. Hata hivyo, iko hasara nyingine ambayo taasisi huipata bila habari, nayo haimo katika sanduku la fedha. Kila chuo kinapowasha jenereta, kinapowapikia wanafunzi, kinapotupa makombo shimoni na kinapowasafirisha wahadhiri, hutoa gesi zinazonasa joto na kulizuia lisitoke angani. Gesi hizo hazionekani kwa macho. Zisipoandikwa, hakuna ajuaye kwamba zimetoka, wala hakuna awezaye kusema kwa yakini kwamba zimepungua.

Makala haya yananuia kueleza jinsi gesijoto za chuo zinavyopimwa, na kuonyesha kwamba ugumu wa kazi hiyo hauko katika kuzidisha na kujumlisha bali katika kuamua mipaka ya kinachohesabiwa. Aidha, yanashikilia kwamba katika chuo cha Kenya kipimo hicho hakiwezi kuwa cha kweli ikiwa lugha ya daftari haieleweki na mpishi, dereva na karani wa stoo, kwa kuwa wao ndio walio na takwimu.

Chimbuko la Kipimo

Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 ilitaja aina sita za gesijoto. Zinazojulikana zaidi ni kabonidayoksaidi, methani na naitrasi oksaidi. Zilizosalia ni gesi za viwandani zenye floridi, zikiwemo zile zinazotumiwa katika majokofu. Aina ya saba iliongezwa mwaka 2012 katika marekebisho yaliyofanyiwa Doha. Mwaka 2001, mashirika mawili ya kimataifa, WRI na WBCSD, yalichapisha mwongozo wa namna taasisi inavyoweza kuhesabu gesi hizi. Toleo lililorekebishwa lilitoka mwaka 2004, na hadi leo ndilo msingi wa hesabu nyingi za aina hii duniani.

Vyuo vilianza mapema. Chuo Kikuu cha New Hampshire, kilichoko Durham nchini Marekani, kilishirikiana na shirika la Clean Air-Cool Planet kuandaa kikokotoo cha vyuo mwaka 2001. Kilikuwa jedwali la kompyuta ambamo karani aliingiza lita za mafuta, kiasi cha umeme na uzito wa taka, nalo likatoa jumla ya tani. Mwaka 2007, wakuu wa vyuo vingi vya Marekani walitia sahihi ahadi ya pamoja iliyowataka kukamilisha hesabu ya gesijoto za vyuo vyao katika muda wa mwaka mmoja. Kikokotoo kile kikawa chombo cha kila siku. Baadaye chuo hicho kilikirithisha nafasi yake mfumo mpya uitwao SIMAP, ambao hupima kaboni na naitrojeni pamoja.

Nyigo Tatu

Mwongozo uliotajwa hugawa gesijoto za taasisi katika mafungu matatu. Kwa Kiswahili, neno linalofaa kwa kila fungu ni wigo. Neno hili lina manufaa ambayo huenda watafsiri wengi hawakuyakusudia. Wigo ni upeo wa jambo, lakini pia ni ua au boma linalozungushiwa makazi. Anayeuliza wigo wa hesabu anauliza vilevile ua umejengwa wapi, na ni nani aliyeachwa nje.

Wigo wa kwanza ni gesi zinazotoka katika vitu vinavyomilikiwa na kuendeshwa na chuo chenyewe: jenereta, mabasi, meko ya jikoni, gesi inayovuja kwenye majokofu, na shimo la taka lililo katika ardhi ya chuo. Wigo wa pili ni gesi zilizotoka kwingine wakati wa kuzalisha umeme ambao chuo kimeununua. Wigo wa tatu ni gesi nyinginezo zote zinazotokea kwa sababu chuo kipo, ingawa hakimiliki chanzo chake: safari za ndege za wahadhiri, matatu zinazowaleta wanafunzi, saruji ya jengo jipya, nyama na mchele wa bwalo, na taka zinazochukuliwa na lori la mtu mwingine.

Namna ya Kukokotoa

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kiasi cha shughuli huzidishwa kwa kizidishi chake. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.68 za kabonidayoksaidi. Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa takriban kilo 3. Kwa gesi zisizokuwa kabonidayoksaidi, hatua moja huongezwa: uzito wake husawazishwa na wa kabonidayoksaidi kulingana na nguvu yake ya kunasa joto katika miaka 100. Ripoti ya tano ya jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, iliyotolewa mwaka 2013, iliipa methani kizidishi cha 28, na gesi ya majokofu iitwayo R-134a kizidishi cha 1,300.

Chukulia chuo cha kubuni ambacho kwa mwaka mmoja kimetumia lita 20,000 za dizeli, kilo 30,000 za gesi ya mtungi, kimevujisha kilo 5 za R-134a, na shimo lake la taka limetoa tani 4 za methani. Dizeli itatoa tani 53.6. Gesi ya mtungi itatoa tani 90. Majokofu yatachangia tani 6.5. Shimo la taka, ambalo halina moshi wala mlio, litachangia tani 112. Jumla ni tani 262.1. Sasa chukulia kwamba karani alisahau shimo. Jumla itashuka hadi tani 150.1, na chuo kitajisifu kwa upungufu wa takriban asilimia 43 ambao haukutokea popote isipokuwa kwenye karatasi.

Mfano huu, japo ni wa kubuni, unadhihirisha mambo mawili. Kwanza, kelele na moshi si vipimo. Kinachoudhi pua huenda kikawa kidogo kuliko kisichonuka. Pili, kosa la kuzidisha ni rahisi kugunduliwa na mkaguzi, lakini kosa la kuacha kitu nje ya ua haliachi alama yoyote.

Ua Umejengwa Wapi?

Suala la mipaka si la nadharia tu. Chuo cha Middlebury, kilichoko katika jimbo la Vermont nchini Marekani, kiliahidi mwaka 2007 kwamba kufikia mwaka 2016 hakitaongeza kaboni angani. Mwaka 2009 kilifungua mtambo unaochoma vipande vya mbao kwa ajili ya kupasha majengo joto, na hivyo kikapunguza sana mafuta mazito yaliyokuwa yakitumika. Desemba 2016 kikatangaza kwamba lengo limefikiwa. Hesabu hiyo ilitegemea maamuzi mawili makubwa: kaboni ya mbao haikuhesabiwa kama ile ya mafuta, na msitu wa chuo wa zaidi ya ekari 2,000 uliohifadhiwa ulihesabiwa kama mnyonyaji wa kaboni.

Wanaoutetea uamuzi wa kwanza husema kwamba mti hukua tena na kuirudisha kaboni iliyotoka. Wanaoupinga hujibu kwamba kuni huungua kwa saa moja ilhali mti huchukua miongo kadhaa kukua, na hewa haisubiri. Mwongozo wa 2004 haukuegemea upande wowote. Uliagiza kabonidayoksaidi ya kuni iandikwe kando, nje ya nyigo tatu, huku methani na naitrasi oksaidi zinazotoka katika moto huohuo zikiandikwa ndani. La muhimu ni kwamba msomaji wa daftari aone namba zote mbili na ajiamulie.

Chuo cha Kenya

Mjadala huo wa Vermont una uzito maalumu nchini Kenya. Kwa vyuo vingi vya Marekani, kupasha majengo joto na kununua umeme ndiyo mizigo mikuu. Nchini Kenya hakuna majira ya theluji, na katika miaka ya hivi karibuni takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini imetokana na vyanzo jadidifu: mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Marsabit na jua. Kwa hivyo wigo wa pili, ambao ndio rahisi zaidi kupima kwa kuwa bili huja kila mwezi, ndio wenye uzito mdogo.

Hapa pana mtego. Chuo kinachoiga kipimo cha kigeni bila kukipima kwanza kitatumia nguvu zake zote kuhesabu balbu, kisha kiache jiko, shimo na safari. Pale ambapo sufuria kubwa za githeri hupikwa kwa kuni, swali la iwapo msitu ulikotoka kuni hizo umepandwa upya si swali la pembeni. Ikiwa miti haikupandwa, kaboni ile haikurudi ardhini, na kuiandika sufuri ni kujidanganya.

Lugha ya Daftari

Ni nani anayejua idadi ya malori ya kuni yaliyoingia muhula uliopita? Ni mpishi mkuu. Ni nani anayejua jenereta ilinguruma saa ngapi umeme ulipopotea? Ni bawabu na fundi. Lita za basi anazijua dereva. Mitungi ya gesi anaijua karani wa stoo. Takwimu zote zimo vichwani mwa watu ambao lugha yao ya kazi ni Kiswahili, ilhali fomu wanazoletewa huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mtu asiyeelewa swali hujaza chochote, au huacha wazi.

Kutafsiri peke yake hakutoshi iwapo tafsiri inapotosha. Istilahi "hewa chafu", ambayo imezoeleka katika vyombo vya habari, humwelekeza msikilizaji kwenye moshi na uvundo. Mpishi akiulizwa kuhusu hewa chafu atataja moshi wa kuni na kusahau mtungi wa gesi ambao moto wake ni wa samawati na safi. "Gesi za nyumba ya kijani" ni tafsiri sisisi: kwa asiyewahi kuona kivungulio cha mimea, haiashirii joto hata kidogo. "Hewa ukaa" inafaa kwa kabonidayoksaidi, lakini haiwezi kubeba methani wala gesi ya majokofu. "Gesijoto" ni fupi, inataja athari badala ya rangi au harufu, na inazikusanya gesi zote chini ya jina moja. Hiyo ndiyo sababu imetumiwa katika makala haya, na ndiyo inayostahili kuwekwa juu ya fomu. Chini yake, maswali yawe ya kawaida kabisa: malori mangapi, mitungi mingapi, lita ngapi, saa ngapi.

Hitimisho

Imebainika kwamba kupima gesijoto za chuo ni kazi ya uaminifu kabla ya kuwa kazi ya hesabu. Vizidishi vimekwisha kuandaliwa na wanasayansi. Kujenga ua, kukiri kilichobaki nje na kuandika ndani yake bila kusahau ni wajibu wa chuo chenyewe. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana nafasi yao katika kazi hii. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza kwa kuandaa fomu ya ukurasa mmoja, kuisoma pamoja na wapishi na madereva, na kurekebisha kila neno linalomkwaza anayeijaza. Siku fomu hiyo itakapojazwa bila mkalimani, daftari la chuo litakuwa limefunguliwa.