Kupanda Kilimanjaro kwa Jina la Hisani

Swali: Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza wanaochangisha fedha ili wapande Mlima Kilimanjaro huzikusanya kwa ajili ya nani hasa?

Jibu: Safari hizo ni tawi jipya la desturi ya zamani iitwayo Rag, yaani kampeni ya wanafunzi ya kuchangisha fedha za hisani kwa vituko na mavazi ya kuchekesha, ambayo ilienea pia hadi vyuo vikuu vya Afrika Kusini. Zamani kasoro yake ilionekana waziwazi, kwa kuwa wanafunzi waliweza kumteka mtu kwa mzaha na kudai kikombozi cha kuwapa wahitaji, ilhali mchango usioweza kukataliwa hauwezi kuitwa hisani.

Katika safari za Kilimanjaro kasoro imejificha ndani ya hesabu. Mara nyingi mwanafunzi huwekewa kiwango cha kukusanya, na sehemu ya kiwango hicho, ambayo pengine ni kubwa, hugharimia safari yake mwenyewe: ada za hifadhi, waongozaji, wapagazi, chakula. Huo si wizi iwapo mtoaji ameambiwa mapema, na kanuni za uchangishaji za Uingereza hudai aambiwe. Lakini jamaa anayetoa kwa upendo, akidhani anajenga darasa, ni nadra kuuliza. Utaratibu wa haki zaidi, na ambao baadhi ya wanafunzi huuchagua, ni mpandaji kujilipia gharama zote, ili kila pauni iliyochangwa imfikie mhitaji.