Sekunde 1.8 Iliyofutwa: Mafunzo Niliyopata Nikitunga Mitihani ya Fizikia

Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza alining'iniza jiwe kwenye uzi wa mita 1, akapima mbembeo mmoja wa kwenda na kurudi, akapata sekunde 1.8. Akaifuta, akaandika 2.0. Nilipomuuliza, alinijibu, "Dokta, si kanuni inasema 2.0?" Kwenye mtihani wa karatasi swali hilohilo alilipata lote. Nilirudi ofisini nikausoma upya mtihani wangu. Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo.

1. Neno "kokotoa" peke yake hupima kumbukumbu. Aliyekariri kanuni na aliyeielewa hutoka na jibu lilelile.

2. Jua unapima nini kabla ya kutunga swali. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitaja vitendo 8 vya kisayansi, vikiwamo kupanga uchunguzi, kuchambua data na kujenga hoja kwa ushahidi. Orodha ile ilitungwa kwa ajili ya shule, lakini chuoni pia inafaa. Kila swali nalipangia kitendo kimoja cha kupima.

3. Mpe mwanafunzi data, kisha mtake aamue. Siku hizi nauliza hivi: Asha amepima mbembeo 1. Juma amepima 20 mfululizo, akagawa kwa 20. Kubonyeza saa kwa kidole huleta kosa la kama sekunde 0.2. Utaamini jibu la nani?

4. Ukitaka sababu, iombe. Mara ya kwanza wengi waliandika "Juma" wakaishia hapo. Nikaongeza nafasi tatu: dai, ushahidi, na hoja inayoviunganisha. Ndipo wakaanza kuonyesha kwamba kosa la Juma nalo limegawanywa kwa 20, likabaki sekunde 0.01.

5. Mwongozo wa kusahihishia uandikwe mapema, ujaribiwe na mtu wa pili. Karatasi moja mimi niliipa 8 kati ya 10, mwenzangu akaipa 4. Ilibidi tukae, tusome majibu kadhaa pamoja na kukubaliana hoja kamili ina nini ndani yake.

6. Karatasi haioni mkono ulioshika saa. Mtihani wa maabara ubaki palepale.

Ile 1.8 ndiyo ilikuwa data. Mtihani unaomfundisha mwanafunzi kuifuta haujapima fizikia.